Mlango Alioukata Fundi

Hospitalini hapo watu wengi hawakuijua sura yake, waliijua sauti. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa katika chumba kidogo chini ya ngazi, mbele ya swichibodi, hedifoni kichwani, akisema, "Haloo, hospitali hapa, nikusaidie nini?" kwa namna ambayo hata mtu aliyepiga akifoka alijikuta ameanza upya kwa salamu. Kuanzia daktari mkuu hadi wafagiaji, wote walimwita Bi Haloo. Mwenyewe hakuona taabu. "Jina alilonipa mama nalitunza kwa ajili ya mbinguni," alisema. "Huku chini hilo hilo linatosha."

Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na maneno hayakumwishia. Jioni akifika nyumbani alivua viatu, akamimina chai, akaanza kumsimulia mumewe vituko vya siku: bwana aliyepiga simu hospitali kuuliza yai linachemshwa dakika ngapi, bibi aliyetaka aunganishwe na "yule daktari mwenye mikono ya baridi". Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa seremala mstaafu, mrefu, mwenye pumu tangu utotoni, na mtu wa maneno machache mno. Majirani walitania kwamba siku ya ndoa yao waligawiwa gunia moja la maneno, na Bi Haloo akaliwahi. Lakini kwa kusikiliza, Fundi hakuwa na mpinzani. Alicheka pale panapostahili, na kesho yake aliweza kuuliza, "Na yule wa yai, liliiva?"

Kisha ugonjwa ukaingia.

Mwanzoni zilikuwa habari za redioni, za watu wa mbali. Halafu zikaja barakoa, ndoo za maji na sabuni kila kona, na utepe wa plastiki uliofungwa kukata korido. Wiki ya tatu hospitali ikapiga marufuku wageni wodini. Mgonjwa akiingia, nduguze wanabaki getini; na ndugu aliyebaki getini ana kitu kimoja tu cha kushika, nacho ni simu.

Taa ndogo za swichibodi zikawa hazizimiki. Utaratibu wa kazi ulikuwa wazi: Bi Haloo anaunganisha, habari za mgonjwa zinatolewa na wodi. Lakini wodini nani angepokea? Wauguzi walikuwa wamejifunika gubigubi, mikono imejaa. Simu ililia huko mpaka ikachoka, ikarudi kwake. "Dada, hawapokei. Niambie tu kama mama yangu yu hai." Mtu kama huyo utamwambia asubiri laini?

Bi Haloo akatafuta daftari. Kila baada ya saa mbili alipanda ngazi hadi mlango wa wodi, akasimama nyuma ya mstari mwekundu, na muuguzi akamsomea kwa sauti kupitia kioo: huyu amelala vizuri, huyu amekunywa supu, huyu daktari atazungumza na familia mwenyewe. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alimwona, akageuza uso kama hakuona, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Bi Haloo alishuka, akawapigia watu wake mmoja mmoja. Habari ya kifo hakuitoa yeye. Hiyo ilikuwa ya daktari. Ila aliijua mapema. Alikuwa akiijua, na simu ya mtoto wa marehemu ikaingia, naye akalazimika kusema, "Subiri kidogo mwanangu, daktari atazungumza nawe," kwa sauti ile ile ya siku zote. Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Nyumbani alijihamishia chumba cha nyuma, kinachotazama uani, kwa sababu ya kifua cha Fundi. Chakula aliwekewa juu ya stuli nje ya mlango, akasubiri hatua za mumewe zipotee ndipo akichukue. Mlango wenyewe ulikuwa fahari ya nyumba. Fundi aliuchonga mwaka walipooana, kwa mbao ngumu nyekundu, akachora maua pembe zote nne, na watoto wao walikua chini ya amri kuu moja: msiubamize mlango.

Nyuma ya mlango huo Bi Haloo akanyamaza.

"Habari ya kazi?" Fundi aliuliza kutoka upande wa pili.

"Salama."

"Umechoka?"

"Kidogo."

Basi. Mwanamke aliyeweza kusimulia yai moja kwa nusu saa. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipopiga alipewa salama hiyo hiyo, ila yake ilipakwa kicheko juu.

Mwili wake haukudanganyika. Alisikia mlio wa simu ndani ya bomba la maji, ndani ya birika, ndani ya ndege wa asubuhi, na moyo ukamwenda mbio kabla hajajua unakimbilia wapi. Siku moja alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kugundua. Usingizi ukawa wa kuazima. Kila akirudi kazini alifungua bomba la bafuni mpaka mwisho, akalia, akanawa uso, akalifunga. Alijiambia kwamba wenye haki ya kulia ni wenye wagonjwa. Yeye ni wa simu tu.

Miongoni mwa waliopiga alikuwepo mwalimu wa hesabu. Mkewe alikuwa wodini siku ya tisa, na mwalimu alipiga kila asubuhi saa nne kamili, bila papara. "Nipe namba zangu, dada," alisema, yaani kiwango cha oksijeni na joto la mwili, akaviandika kwenye karatasi ya mistari aliyoibandika jikoni. Jumatano hiyo Bi Haloo aliangalia daftari akaona jina, na mbele yake maneno mazuri kuliko yote ya wiki: ametolewa oksijeni, amehamishiwa wodi ya wanaopata nafuu. Akamsomea. Mwalimu aliacha kuandika, akawaita watoto wake: "Njooni! Mama yenu anapona!" Bi Haloo alisikia miguu midogo ikikimbia, na kelele za furaha.

Alipopanda tena wodini, muuguzi aliangalia daftari lake, akaangalia orodha yake, akamtazama. Walikuwepo wanawake wawili wenye majina mawili yanayofanana. Aliyepata nafuu ni wa kitanda cha sita. Mke wa mwalimu alikuwa kitanda cha kumi na sita, na hali yake ilikuwa imezidi kuwa mbaya tangu alfajiri.

Angeweza kumwachia daktari asahihishe. Wengi wangefanya hivyo na hakuna ambaye angewalaumu. Bi Haloo alishuka, akakaa, akapiga mwenyewe.

"Mwalimu, ni mimi wa hospitali. Nimekosea. Habari niliyokupa ilikuwa ya mgonjwa mwingine mwenye jina kama la mkeo. Mkeo bado yuko kwenye oksijeni, na leo amezidiwa kidogo. Daktari atakupigia. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Upande wa pili watoto walikuwa bado wanaimba.

"Ngoja niwanyamazishe watoto," mwalimu alisema, na simu ikakatika.

Bi Haloo alivua hedifoni akaiweka mezani taratibu. Kisha akainama chini ya meza akachomoa waya mkuu. Taa zote zikazimika. Hospitali nzima ikawa bubu.

Zilipita dakika kumi na moja ndipo matroni akatokea mlangoni, barakoa imemchimba mashavu, tayari kugomba. Akamkuta Bi Haloo ameketi sakafuni, mgongo ukutani, waya bado uko mkononi. Ugomvi ukamwishia. Akageuza ndoo ya mfagiaji juu chini, akaikalia.

"Nisamehe, matroni. Narudisha sasa hivi."

"Kwanza niambie kumetokea nini."

Akamwambia. Alianza na mwalimu, lakini maneno yaliyozuiwa miezi hayafuati foleni: ikatoka chumvi, likatoka bomba, akatoka mtoto wa marehemu aliyeambiwa asubiri kidogo. "Sijui nina nini," akamaliza. "Sina homa, sikohoi. Nimepimwa mara mbili, sina kitu."

"Bi Haloo," matroni akasema, "ungevunjika mguu ungeniomba ruhusa. Akili imechoka, unaniomba msamaha. Msamaha wa nini?"

Akachukua waya, akauchomeka mwenyewe, akavaa hedifoni kinyume, akazipokea simu zote kwa mpigo: "Haloo! Tulieni! Mmoja mmoja!" kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi shambani. Bi Haloo, machozi yakiwa bado yanamtiririka, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Alipelekwa kwa muuguzi wa afya ya akili, jitu la miraba minne lililotembea kana kwamba limebeba beseni la maji lililojaa; hospitali nzima ilimwita Bwana Taratibu. Ofisi yake ilikuwa imegeuzwa stoo ya barakoa, kwa hiyo aliwapokea watu kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

Hakumuuliza kwanza kuhusu kosa. Alimuuliza, "Wewe unapokea simu za watu wote. Nani anakupigia wewe?"

"Binti yangu."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba niko salama."

"Basi hajakupigia wewe. Amempigia huyo Salama."

Bi Haloo akacheka, kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, na Bwana Taratibu hakumwambia nyamaza. Alikaa tu, akimfukuzia nzi kwa kipande cha boksi. Alipotulia, akamweleza kwamba mwili uliosikia kengele ya hatari kutwa nzima haujui kazi imekwisha, lazima uambiwe. Akamfundisha kuvuta pumzi kidogo na kuitoa polepole, ndefu kuliko ilivyoingia, kama mtu anayepoza chai. Akamwomba jioni azime redio inayohesabu waliougua na waliokufa. "Hesabu hizo zitakuwepo na asubuhi," alisema. "Na umpate mtu mmoja pale nyumbani wa kumwambia ukweli kila siku. Si lazima umwage ndoo nzima. Kikombe kinatosha. Baada ya wiki mbili usipoona nafuu, yuko daktari, zipo na dawa, wala si aibu. Mimi nipo hapa kila Jumatano."

"Nyumbani kuna mlango kati yetu," Bi Haloo akasema. "Na hauwezi kufunguliwa. Mume wangu ana pumu."

Bwana Taratibu akamwandikia tarehe ya Jumatano ijayo kwenye kile kipande cha boksi, akampa.

Matroni alimpa mapumziko ya siku tano. Jioni ile Fundi aliweka sahani juu ya stuli, akauliza kama kawaida, "Habari ya kazi?"

Bi Haloo alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani. Akavuta pumzi, akaitoa ndefu.

"Fundi."

"Naam."

"Si salama."

"Kitu gani si salama?"

"Mimi. Kila ukiniuliza nasema salama. Si salama, mume wangu. Siko salama kabisa."

Nyuma ya mlango sahani ikasogezwa, stuli ikalia chini ya uzito wa mtu.

"Najua," Fundi akasema. "Bomba la bafuni linatumia maji mengi siku hizi."

Bi Haloo alishika mdomo. "Ulikuwa unasikia? Mbona hukusema neno?"

"Mimi nimezoea kusikiliza, mama. Kuanza sikujua kunaanzwaje."

Asubuhi yake aliamshwa na msumeno.

"Fundi! Unafanya nini?"

"Nakata mlango."

"Mlango gani?"

"Tunayo mingapi mizuri?"

Bi Haloo aliruka kitandani. Ncha ya msumeno ilikuwa inachungulia katikati ya ubao mwekundu, chini kidogo ya kitasa, ikienda na kurudi. "Umerukwa na akili? Mlango wa harusi yetu! Na hilo vumbi, na kifua chako?"

"Nimevaa barakoa mbili, na mbao nimeimwagia maji. Kaa mbali nalo wewe."

Alikata kidogo, akapumzika, akakata tena. Mapumziko yalikuwa marefu kuliko kazi, na Bi Haloo akawa anayasikiliza kwa roho juu, akihesabu pumzi za mumewe kama alivyohesabu za wapiga simu. Kufikia saa sita mlango ulikuwa nusu mbili. Fundi akafunga bawaba mpya, akapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, akaondoka kwenda mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa mbele uliokuwa wazi. Alikuwa amepima kwa futi yake ya useremala hatua nne kamili na kuchora mstari wa chaki sakafuni. Akaweka kiti chake nyuma ya mstari, akaketi.

"Fungua ya juu," akasema. "Ya chini iache, isije ikakutia tamaa ya kutoka."

Bi Haloo alivaa barakoa, akafungua dirisha la uani nyuma yake, kisha akavuta nusu ya juu ya mlango. Walitazamana. Ulikuwa mwezi wa pili tangu waonane ana kwa ana kwa zaidi ya dakika moja. Fundi alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi.

"Umekonda," Fundi akasema.

"Na wewe hujanyoa."

Akamwambia kikombe chake cha kwanza: habari za mwalimu. Hakutaja jina la mtu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa ile. Akasema bila kuulizwa.

"Mimi nimekuwa napiga msasa stuli moja wiki tatu. Imekuwa nyembamba, hata paka akiikalia itaomba radhi. Nikiiacha nawaza. Nawaza kwamba siku ukiugua wewe, sitaruhusiwa kuingia. Nitapiga simu pale, na atakayepokea si wewe."

Bi Haloo aliegemeza viwiko juu ya nusu ya mlango, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa pande zote mbili.

Tangu hapo ikawa desturi yao. Kila jioni habari za kazi zilidumu kikombe kimoja. Chai ikiisha, hospitali imefungwa, na zamu ya kusimulia inakuwa ya Fundi. Alikuwa msimulizi mbovu kupindukia, aliyeanzia mwisho.

"Yule kuku amerudi."

"Kuku gani?"

"Aliyepotea."

"Kapotea lini? Kuku wa nani? Anza mwanzo, mwanaume wewe!"

Akamfundisha. Binti yao naye akaanza kupewa habari za kweli. Siku ya kwanza alilia simuni, siku ya pili akakiri kwamba yeye pia halali. Wakapatana kupigiana kila Jumapili na kwamba neno "salama" litatozwa faini ya kuimba.

Bi Haloo alirudi kazini akakuta kiti cha pili. Uongozi ulikuwa umemwajiri msichana aliyekuwa mapokezi ya hoteli iliyofungwa, mchangamfu, ambaye siku ya kwanza alimuuliza mgonjwa angependa chumba kinachotazama wapi. Walipeana zamu: saa mbili hedifoni, kisha dakika ishirini nje, kwenye hewa, bila kuongea. Kwenye daftari jina peke yake halikutosha tena. Waliandika jina, namba ya kitanda na jina la anayepiga, na muuguzi akarudia kwa sauti. Si kwamba kila kitu kilinyooka. Zipo asubuhi alizosimama chini ya ngazi, mkono kwenye kitasa, akipoza chai isiyokuwepo mara kumi kabla ya kuingia. Iko siku moja alirudi nyumbani kabla ya saa sita, na matroni hakumuuliza.

Mwalimu hakuacha kupiga. Ila alizungumza na yule msichana, au na daktari, na Bi Haloo alipoisikia sauti yake alimpisha mwenzake kama anayepisha msiba. Mke wa mwalimu alikaa wodini wiki tano. Wapo wengi ambao hawakutoka. Yeye alitoka, akitembea kwa fimbo, amebaki nusu ya alivyoingia. Siku mbili baadaye taa ikawaka saa nne kamili.

"Namtaka yule aliyenipigia kusema amekosea," mwalimu alisema.

"Ni mimi." Bi Haloo alikuwa amesimama bila kujijua.

"Dada, siku ile nilikuchukia. Nilikuchukia sana, kama nusu saa hivi. Halafu nikafikiri: katika hospitali nzima yuko mtu mmoja ninayejua kwa hakika kwamba hawezi kunificha. Siku zilizofuata nilikuwa nasikiliza ulivyopumua ukimpa mwenzako simu. Ukipumua vizuri, najua hali si mbaya, nakunywa maji na kukaa. Mke wangu yuko hapa, anataka kukusalimu."

Sauti nyembamba ya mwanamke ikaja, yenye pumzi fupi. "Haloo? Nimeambiwa jina letu ni moja na mtu wa kitanda cha sita. Yule naye alifika nyumbani?"

"Alifika, dada yangu. Alifika."

"Basi vizuri," yule mama akasema. "Tulikuwa wengi."

Ugonjwa ulichukua muda mrefu kupungua, kama maji ya mafuriko yanavyoondoka chumba kimoja kimoja. Ilipofika zamu ya nyumba yao, Bi Haloo alirudi kulala chumba cha mbele, akalalamika wiki nzima kwamba alikuwa amesahau jinsi Fundi anavyokoroma. Mapumziko ya dakika ishirini hayakufutwa, na Jumatano nyuma ya chumba cha kufulia pakawa na mabenchi matatu badala ya moja: walikuja wauguzi, madereva wa gari la wagonjwa, hata mhasibu. Wengine walisema, wengine walikula karanga tu wakaondoka.

Jumatano moja matroni alitokea katikati ya mashuka, miwani mkononi.

"Nimekuja kukagua kama haya yamekauka," akasema.

Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyesema hivyo. Bi Haloo alisogea, akapangusa mahali kwa kiganja. Matroni akasimama kidogo, akaketi, akavua viatu, kwanza kimoja, kisha cha pili, akavipanga sawasawa kama vya mwanafunzi. Bwana Taratibu akammiminia maji.

"Sijui nianzie wapi," matroni akasema.

"Popote, mama," Bi Haloo akamjibu. "Mume wangu huanzia mwisho, na huwa tunamwelewa."